Mashine Inakufa, Anwani Inabaki

Katika chumba cha seva nilikofunzwa kazi palikuwa na daftari la jalada gumu, limefungwa uzi kwenye mguu wa meza lisije likatoka humo ndani. Kila mstari ulibeba namba na mwenyewe: 10.20.4.10, malipo, 10.20.4.11, hifadhidata ya malipo, 10.20.4.12, nafasi, 10.20.4.13, nafasi. Nilimwuliza dada aliyenipokea kwa nini anapoteza mstari mzima kwa kitu ambacho hakipo.

"Wanakuja hao, mdogo wangu," akajibu, akaendelea kuandika.

Wingu tulilolihudumia pale lilikuwa seva chache za chuma, na juu yake programu ya OpenStack ikizikata vipande kuwa mashine pepe. Mashine pepe huzaliwa kwa dakika moja na kufutwa kwa amri moja. Ikiamka hubisha hodi mtandaoni, na huduma ya DHCP huikabidhi anwani yoyote iliyo wazi, kama kondakta anayekuambia kaa popote. Kwa mashine nyingi hilo linatosha, wala sina ugomvi nalo. Lakini zipo zinazotafutwa na nyingine saa zote: hifadhidata, mashine iliyoandikwa kwa namba yake kwenye fayawoli ya ofisi ya mbali, na seva ya DNS, ambayo ndiyo inayojua majina ya wote. Hiyo ya mwisho huwezi kuitafuta kwa jina. Lazima namba yake uwe nayo mkononi kabla hujauliza lolote.

Namba zinaonekana tele. Hati ya RFC 1918 ya Februari 1996 iliweka kando mafungu matatu ya anwani ambayo yeyote anaweza kuyatumia ndani kwake bila kuomba ruhusa, na fungu linaloanza na 10 peke yake lina anwani 16,777,216. Utajiri huo unadanganya. Ukishaligawa katika subneti za anwani 256, ya kwanza na ya mwisho hazigawiwi, lango linachukua moja, DHCP yenyewe inachukua nyingine, unabaki na 252. Dada yule aliiruhusu DHCP igawe kuanzia 100 kwenda juu tu. Kuanzia 10 hadi 99 zilikuwa za mkono, na kati ya huduma na huduma aliacha mapengo, ili hifadhidata ya malipo ikipata pacha wake siku moja, pacha akae jirani. Mimi ustadi wa kazi hii nauona zaidi hapo, kwenye kile anachokiacha fundi bila kukigawa.

Halafu kuna porti, na hapa lazima nikae kidogo, maana ndipo wanafunzi wengi wanapopotea. Mgeni wa kazi huingia ndani ya mashine, akafungua faili la mtandao, akaandika anwani anayoitaka. Mashine inaikubali, lakini haisikiki popote: wingu linalinda kila porti, na pakiti inayotoka na anwani ambayo porti haikupewa hutupwa mlangoni. Anwani hutolewa na wingu. Unaunda porti kwanza, unaitajia subneti na namba kamili, kisha ndipo unaichomeka mashine. Nawafafanulia kwa S.L.P. Mtu anaweza kuhama Kariakoo akaenda Mbagala, kisha akahamia Kibaha, na barua zake zikaendelea kuingia kwenye sanduku lile lile pale posta. Porti uliyoiunda mwenyewe ndilo sanduku. Ukiifuta mashine, porti haifutiki nayo. Inabaki na anwani yake, na hata na namba yake ya MAC, ikisubiri mpangaji mwingine.

Niliwahi kulipuuza daftari. Tulifungua mtandao mpya uliochanganya mashine pepe na vifaa vya kawaida, nami kwa haraka nikaiacha DHCP igawe subneti nzima. Siku mbili mfumo wa mishahara ukawa mara upo, mara haupo. OpenStack haitoi anwani moja kwa porti mbili za subneti moja, lakini haiwezi kujua kuhusu kifaa ambacho hakuna aliyekiandikisha kwake. Nikafungua jedwali la ARP, linaloonyesha anwani ipi iko kwenye MAC ipi. MAC za porti za OpenStack, zisipobadilishwa, huanza na fa:16:3e. Pale kwenye anwani ya hifadhidata palikuwa na MAC isiyofanana nazo kabisa. Ilikuwa mashine ya alama za vidole getini, ile ya mahudhurio, iliyopewa namba hiyo kwa mkono miaka kadhaa nyuma. ARP, iliyoandikwa na David Plummer mwaka 1982, humwamini yeyote anayejibu. Zilijibu zote mbili. Na kifaa kile kilikuwa kimeandikwa daftarini, ukurasa wa pili.

Tangu hapo namfikiria sana Jon Postel. Mwaka 1972, intaneti haijawa intaneti, alipendekeza awepo mtu mmoja wa kugawa namba rasmi za soketi, akajitaja mwenyewe kwa alama ya kuuliza. Akaifanya kazi ya kutunza namba hadi alipofariki Oktoba 1998. Kazi kubwa namna ile, na ndani yake hakuna kingine ila uaminifu wa kuandika nani amepewa nini.

Daftari letu sasa ni faili, kila badiliko lina tarehe na jina la aliyelifanya. Mistari ya "nafasi" bado ipo, nimekataa ifutwe.

Mwaka huu hifadhidata ya malipo ilizeeka. Nilijenga mpya pembeni, nikahamisha data, na saa nane usiku nikaizima ya zamani, nikachomoa porti, nikaichomeka kwenye mpya. 10.20.4.11, MAC ile ile. Sikugusa mstari hata mmoja kwenye mashine nyingine wala kwenye fayawoli. Asubuhi karani wa malipo alifika, akaweka chai yake pembeni ya kibodi, akafungua mfumo, akaanza na hati ya kwanza.