Rimu za Escort kati ya Kitale na Bungoma

Mwenye Ford Escort ya miaka ya 70 anayekaa Kitale na kufanya shughuli zake Bungoma hana nafasi ya kulichukulia gurudumu kuwa pambo. Gari la aina hiyo likiwa Nairobi, mara nyingi hutoka Jumapili, na likitunzwa vyema hufika Ngong Racecourse kwenye Africa Concours d'Elegance, mashindano yaliyoanzishwa 1970 na klabu ya wenye magari ya Alfa Romeo. La Kitale hupita Kiminini, Kamukuywa na Misikhu, likashuka hadi Webuye, likaingia barabara kuu ya Malaba na kujibana kati ya malori yanayokwenda Uganda. Njiani kuna matuta yasiyopakwa rangi, kingo za lami zilizomegwa na mvua, na matrekta ya miwa yanayoelekea Nzoia. Kila kishindo cha safari hiyo hupokewa na tairi na rimu kabla hakijafika kwenye springi.

Kwa hiyo mwenye gari anapouliza kama abaki na rimu za chuma zilizokuja na gari, au anunue hizi mpya za mikono minane zilizoiga zile za mashindano, mimi humuuliza kwanza atapita wapi. Tumezoea kubishana juu ya sura. Kinachoamua kama gari litafika ni vipimo ambavyo havionekani gurudumu likishafungwa.

Tuanze na historia, kwa sababu ndiyo iliyoleta mshawasha wenyewe. Mwaka 1972 Hannu Mikkola na Gunnar Palm walishinda Safari Rally kwa Escort RS1600, wakawa wageni wa kwanza kutoka ng'ambo kuutwaa ushindi ambao madereva wa Afrika Mashariki walikuwa wameushikilia tangu 1953. Mwaka 1977 Björn Waldegård akarudia kwa RS1800. Escort za kiwanda za enzi hizo zilijulikana kwa rimu za Minilite, kazi ya kampuni ya Tech Del ya Uingereza, ambazo tayari zilikuwa zimevuma kwenye Mini za mashindano katika miaka ya 60. Mpaka leo, ukimwonyesha shabiki wa Safari gurudumu la mikono minane mifupi minene, atakutajia Escort hata kabla hajaliona gari.

Rimu hizo za mashindano zilimiminwa kwa magnesi. Sentimita moja ya ujazo ya magnesi ina uzito wa gramu 1.74, alumini ni 2.7, na chuma ni karibu 7.85. Gurudumu jepesi hufuata ardhi haraka, springi na shokamzoba hupata nafuu, na breki huwa na mzigo mdogo wa kusimamisha. Kwa timu ya kiwanda hesabu hiyo ilikuwa safi. Timu ilikuja na akiba kubwa ya magurudumu, ikayakagua kila kituo, na lililotiliwa shaka likatupwa kando. Magnesi huliwa na unyevu upesi sana rangi yake ikichubuka, na nyufa zake huanzia mahali pasipoonekana, nyuma ya mkono au kando ya tundu la nati. Rimu ya magnesi iliyotengenezwa kabla ya 1975 sasa imepita miaka 50. Ukiipata, ni mali ya thamani na ni historia yetu pia. Itundike ukutani, ipeleke kwenye maonyesho, ila usiifunge kwenye gari litakalobeba watoto wako hadi Bungoma. Hapo sina mjadala.

Zinazouzwa leo kwa sura hiyo nyingi ni za alumini, na alumini iliyomiminwa vizuri ni kitu cha kuaminika. Shida ni kwamba mnunuzi huletewa picha, naye hulinganisha picha na picha: mikono minane, rangi ya fedha, kofia ndogo katikati. Vipimo haulizi.

Escort ina bolti nne zilizopangwa kwenye duara la milimita 108. Kipimo hicho hicho kinatumika kwenye Peugeot nyingi za baadaye, kama 205, 206 na 306. Basi fundi mwenye nia njema akikosa rimu za Escort atakuletea za 206 kutoka kwenye gari lililovunjwavunjwa, na zitaingia kwenye bolti bila taabu. Lakini tundu la katikati la Peugeot hizo ni milimita 65.1, na la Ford ni 63.4. Tofauti ni milimita 1.7, na kwa sababu hiyo rimu haikai juu ya habu. Inaning'inia kwenye bolti nne tu. Isitoshe, Peugeot hufungwa kwa bolti zinazoingia kwenye habu, na rimu zake nyingi za aloi za miaka hiyo zimechongwa kupokea bolti yenye washa bapa. Nati ya Ford ina ncha ya pia. Ukiibana nati ya pia kwenye kikalio bapa, inagusa ukingo mwembamba tu wa tundu. Spana itakwambia imekaza. Baada ya matuta kadhaa ya Kamukuywa ule ukingo umeshajikunja, na nati imelegea bila kuzunguka hata kidogo.

Pete ya katikati ya kuziba pengo hilo ipo, na nati zenye washa bapa zipo. Anayevitafuta vyote viwili kabla ya kufunga amefanya kazi ya fundi. Anayesema "imeingia, twende" amekuuzia hatari.

Balaa kubwa zaidi ni la kutoboa upya. Probox imejaa barabara zetu za magharibi kiasi kwamba rimu zake hupatikana kila mtaa, na duara lake ni milimita 100. Nimeona rimu za namna hiyo zikitobolewa matundu mengine manne katikati ya yale ya zamani ili ziingie kwenye gari la milimita 108 au kwenye Datsun ya 114.3. Chuma kilichobaki kati ya tundu na tundu huwa chembamba, na hapo ndipo nguvu zote za breki na kona hupitia. Tafadhali, usikubali.

Kipimo cha tatu ni kile mafundi wetu wengi hukiita ofseti: umbali kutoka uso wa rimu unaobanwa kwenye habu hadi mstari wa katikati ya upana wa rimu. Magari mengi ya kisasa yanayovutwa na magurudumu ya mbele huwa na kati ya milimita 35 na 50. Ya zamani yanayosukumwa kwa nyuma yako karibu zaidi na sifuri. Rimu ya kisasa kwenye gari la zamani huingia ndani mno, ikakwaruza springi au nguzo ya shokamzoba, na watu hutibu hilo kwa kuweka spesa. Kosa la upande wa pili huonekana zuri machoni: gurudumu pana lililotokeza nje ya bodi. Hapo beringi ya nje inabeba mzigo ambao haikupangiwa, usukani unakuwa mzito, na kila shimo la upande mmoja linaipokonya mikono yako usukani. Nakala nzuri ni ile iliyoiga namba hii. Sura ije baadaye.

Mustang nazo, kwa wachache wanaozimiliki hapa nchini, zina mtego wao. Ian Duncan, mshindi wa Safari ya 1994, aliwahi kuileta Ford Mustang yenye injini ya V8 kwenye Safari Classic, na tangu hapo hamu ya magari hayo ya misuli imekua. Duara la Mustang ya zamani yenye V8 ni bolti tano kwenye milimita 114.3, sawa na Toyota Noah na Mark X. Lakini tundu la katikati la Toyota hizo ni milimita 60.1, na habu ya Mustang inazidi 70. Rimu haiingii, na atakayeipanua kwa mashine ameondoa chuma mahali panapohitajika zaidi.

Wala nisieleweke kwamba cha kiwandani ni kitakatifu. Mwaka 1969 Chrysler ililazimika kuyarudisha magurudumu iliyotengenezewa na Kelsey-Hayes, yenye kitovu cha alumini na ukingo wa chuma, kwa sababu nati zake hazikudumu zikiwa zimekaza. Leo seti iliyonusurika inasakwa kwa bei kubwa na wapenzi wa Dodge na Plymouth. Umri na uhaba vimeipandisha bei, lakini kasoro iko palepale.

Nirudi kwenye Escort, kwa sababu kuna jambo linalozidi yote niliyotaja: kipenyo. Rimu yake kwa kawaida ni ya inchi 13. Tairi la 155 R13 la zamani lina kimo cha karibu milimita 578, na la 175/70 R13 ni 575, yaani mbadala unaofaa kabisa. Nakala za mikono minane hupatikana pia kwa inchi 15, na muuzaji atakueleza kwa haki kwamba 195/50 R15 ina kimo cha 576, kwa hiyo spidomita haidanganyi. Asichokueleza ni kwamba ukuta wa tairi umeshuka kutoka milimita 122 hadi 97. Milimita 25 za mpira na hewa zimeondoka, na nafasi yake imechukuliwa na alumini. Kwenye lami ya Nairobi utasifu jinsi gari linavyokata kona. Kwenye ukingo uliomegwa kabla ya Webuye, zile milimita 25 ndizo zilizokuwa zikiilinda rimu.

Peugeot 504 ilitufundisha hilo tukaona kwa macho. Ilizinduliwa 1968, Ove Andersson akaishindia Safari ya 1975, ikaunganishwa Mombasa, na kwa miaka mingi zile zenye nyuma ndefu zilikuwa matatu za kutegemewa kati ya Nairobi na miji ya magharibi. Zilijaa watu, mahindi na kuku. Zilikwenda na rimu za chuma za inchi 14, zenye tairi la ukuta wa karibu milimita 140 au zaidi. Sifa ya springi zake ilikuwa ya haki, lakini nusu ya sifa hiyo ingepaswa kuliendea tairi.

Chuma kina fadhila nyingine: kikipigwa hupinda, na kilichopinda huonekana. Fundi wa jua kali anaweza kuinyoosha rimu ya chuma iliyopinda ukingoni, ilimradi hajaipasha moto karibu na matundu ya nati. Alumini ikipata pigo lile lile yaweza kupasuka, na ufa uliochomelewa kwenye rimu ya alumini mimi siuamini.

Rimu za chuma za zamani utazipata wapi? Sheria ya kutoingiza magari yaliyotumika yenye umri wa zaidi ya miaka 8 imefanya tutegemee yaliyokwisha kuwamo nchini. Nyingine ziko kwenye maboma ya mashamba ya Trans-Nzoia, chini ya trela, na nyingine zimeishia kwenye mikokoteni ya punda. Ya mkokoteni usiidharau, ila ujue imebeba magunia ikiwa na tairi lisilo na upepo. Iondoe rangi yote kwa brashi ya waya mpaka chuma king'ae. Tazama kuzunguka kila tundu: mstari mwembamba wa kutu unaotoka tunduni kama unywele ni ufa, na rimu hiyo imekwisha. Kisha ifunge kwenye habu bila tairi, simamisha waya karibu na ukingo, izungushe polepole. Ikiyumba zaidi ya milimita moja na nusu, usukani utatetemeka. Angalia pia kama ndani ina kijituta kinachozuia ukingo wa tairi kuteleza; kama hakipo, tia tyubu. Ukipaka rangi upya, acha uso unaokaa kwenye habu na vikalio vya nati bila rangi nene, maana rangi husagika na nati hulegea.

Ukichagua za kuigwa, tafuta chapa ya JWL au VIA iliyomiminwa kwenye rimu yenyewe, zikionyesha kwamba muundo wake umefikia kipimo cha Japani cha magurudumu ya aloi. Karatasi iliyobandikwa haitoshi. Na rimu yoyote, mpya au ya zamani, ikaze tena kwa spana ya kupimia nguvu baada ya kilomita 50 hadi 100. Ukifunga asubuhi Kitale, kazi hiyo ifanye ukifika Bungoma, gari likiwa limepoa.

Uamuzi wangu kwa barabara hii: chuma cha inchi 13 kilichokaguliwa ndicho cha kwanza. Cha pili ni nakala ya alumini ya inchi 13 hiyo hiyo, yenye ofseti, tundu la katikati na kikalio cha nati vinavyolingana na habu yako. Nakala ya inchi 15 iache Nairobi. Na ukinunua nakala, usiuze zile za chuma kwa wauza vyuma chakavu. Zipake mafuta, zihifadhi mahali pakavu, kwa sababu Ford haitengenezi nyingine.