Mwendo wa Brashi

Fundi aliyeandika mabango mtaani kwetu hakutumia rula. Alipiga mstari kwa uzi uliopakwa chaki, akachovya brashi bapa kwenye kopo la rangi, akaipangusa mdomoni mwa kopo, kisha akashusha mguu wa kwanza wa M kwa pumzi moja. Juu rangi ilikuwa nzito. Chini brashi ilianza kukauka, nywele zake zikaacha michirizi myembamba ukutani. Michirizi ile ndiyo niliyoipenda kuliko yote, maana ilionyesha mkono ulipokaza na ulipoachia.

Kwa hiyo namheshimu mno Roger Excoffon, mchoraji wa herufi za chapa, Mfaransa wa Marseille aliyezaliwa 1910. Aliichorea Fonderie Olive, karakana ya kusubu herufi mjini humo, na akaidai risasi ya kusubia herufi kitu isichokipenda. Herufi ya risasi hukaa juu ya kitofali chake, imebanwa na jirani zake kushoto na kulia. Brashi haijui mipaka hiyo. Mwaka 1953 alitoa fonti ya Mistral, akaipa jina la upepo mkali wa kusini mwa Ufaransa. Aliitoa kwenye mwandiko wake mwenyewe, na kila herufi ndogo akaichorea mkia unaofika pale hasa ambapo inayofuata itaupokea, hata iwe ipi. Hebu fikiria subira ya kazi hiyo! Alfabeti nzima, kila herufi ipatane na zote nyingine, na bado msomaji aone kama imeandikwa mbiombio.

Miaka miwili baadaye ikaja Choc, nene, nyeusi, kama brashi iliyoshiba wino ikitua kwa kishindo. Hii ni herufi ya maneno machache: jina la mkahawa, jalada la kitabu, bango la filamu. Ipe ukubwa na nafasi ya kupumua, itakuita toka ng'ambo ya barabara. Ukipanga nayo aya nzima, umeiua.

Mistral ilitufikia ndani ya programu za Microsoft, nami naiona kwenye kadi za michango ya harusi zinazochapwa stesheneri. Mara nyingine jina zima la bibi harusi limepigwa kwa herufi kubwa tupu, na inaniuma: mikia ya herufi ndogo, iliyochorwa ishikane, haipo tena.

Kitu kimoja tu hata Excoffon hakuweza kukiokoa. Andika "Mgahawa" kwa Mistral, a zote tatu zitatoka pacha. Ukutani kwetu, fundi alipoliandika neno hilo, hazikufanana. Ya kwanza ilijaa rangi hadi tumbo lake likakaribia kuziba. Ya pili ilikonda, nywele za brashi zikionekana. Kabla ya ile ya tatu fundi alichovya tena, nayo ikanona, na tone moja likateleza chini yake, likagandia hapo.