Kiatu Kwanza, Koti Baadaye

Koti la Yohji Yamamoto humeza mtu asiyelijua. Mshono wa bega umeshuka hadi katikati ya mkono, pindo limepita goti, na gabardini ya sufu, nyeusi tii, imejaa pande zote. Ukilivaa kwa pupa utaonekana umevishwa. Jumapili moja ya Julai, baridi imeshika, nilimkuta aliyelimudu: mzee wa makamo, mtu wa Bukavu, Kongo, mfupi wa kimo, katoka kanisani anakatiza Macquarie Mall, hapa Liverpool, kusini-magharibi mwa Sydney.

Nilimtazama kuanzia juu. Shati jeupe, ukosi mdogo. Mikono ya koti imekunjwa mara mbili mpaka vifundo vikaonekana. Suruali nyembamba, imekomea vidole viwili juu ya kifundo cha mguu, na chini yake kiatu kizito cha soli nene. Upana wote kauachia koti. Kwingine kote kabana. Pale ambapo mwili ni mwembamba kwa asili, shingoni na kwenye vifundo, ndipo alipopaacha wazi. Jicho likishaona hapo linajua mwili uliomo ndani una ukubwa gani, na koti halionekani tena kuwa la kuazima.

"Papa, ukivaa unaanzia wapi?" nilimwuliza baada ya kuamkiana.

"Kwa kiatu, mwanangu. Kiatu ndicho kinaniambia suruali ikomee wapi."

Akainama, akakunjua pindo la suruali hadi likagusa kiatu. Papo hapo weusi ukaungana toka kifuani hadi chini, naye akafupika mbele ya macho yangu. Akalikunja tena, miguu ikarudi.

Suruali ikiwa bwanga kazi huwa ngumu zaidi, maana pana juu ya pana hupoteza umbo. Hapo yeye huchomekea shati, hupandisha mkanda hadi kitovuni na kuliacha koti wazi ili mkanda uonekane. Anayemtazama huhesabu miguu kuanzia kwenye mkanda.

Ustadi huu una shule yake. Rais Mobutu alipopiga vita suti na tai miaka ya 1970, vijana wa Kinshasa hawakuacha kupenda mavazi, na mwanamuziki Papa Wemba, aliyeanzisha bendi ya Viva La Musica mwaka 1977, akaifanya La Sape, utamaduni wa kuvaa kimaridadi, ijulikane hata na wasiojua Kilingala. Ng'ambo ya Mto Kongo, Brazzaville, wanashikilia suti iliyokaa vizuri na rangi zisizozidi tatu. Kinshasa walithubutu zaidi, wakawapenda wabunifu wa Kijapani: Yamamoto na Rei Kawakubo, ambao Paris iliona maonyesho yao kwa mara ya kwanza mwaka 1981. Kawakubo huyo, katika mitindo yake ya 1997, aliweka vivimbe mgongoni na nyongani mwa gauni. Nguo ya namna hiyo haiji na maelekezo, na kuisawazisha kwa jicho tu, bila fundi pembeni, ni kazi ninayoiheshimu kuliko ushonaji mwingi.

Kofia alikuwa nayo, ameishika mkononi. Nikamwuliza mbona hakuivaa. Akasema kiatu cha leo ni kizito, kimeshachukua nafasi yake; Jumapili ijayo atavaa chembamba, na kofia itapanda kichwani.