Utungo wa Ushanga

Kiswahili hutumia kitenzi kimoja, kutunga, kwa shairi na kwa ushanga; basi bangili itungwayo nyumbani yastahili kuhakikiwa kama utungo. Wako wanaoidharau wakidai kwamba si ya asili yetu, kwani shanga bora za kioo huletwa kutoka Jablonec, Jamhuri ya Cheki. Hoja hiyo ni dhaifu. Mwanamke wa Kimaasai hakukiyeyusha kioo, lakini mpangilio wa nyekundu, nyeupe na buluu ni wake, na wenziwe huutambua. Kasoro halisi ni kurundika rangi ovyo ili kumvutia mnunuzi. Shairi lisilo na maana haliokolewi na vina. Walimu, tuwazoeze wanafunzi kuuliza: rangi hii imewekwa hapa kwa nini?