Kinanda cha Umeme na Kumbukumbu: Juu ya Santuri ya Hailu Mergia

Neno kinanda limebeba mizigo mingi katika Kiswahili. Zamani pwani lilitaja ala ya nyuzi. Baadaye likapewa santuri, kisha akodiani na ala kubwa ya kanisani, na leo laitwa kwalo hata chombo cha umeme chenye vibonye. Huko Rungwe, ambako wamisionari wa Kimoravian walijenga kituo chao mwaka 1891, neno hilo humkumbusha mtu ibada kabla ya kumkumbusha dansi. Basi si ajabu kwamba wazee wa Tukuyu na wasomi wa mijini wahofu jambo moja: kwamba chombo ambacho sauti zake zimekwisha kupimwa kiwandani hakiwezi kubeba wimbo wa wenyeji bila kuuvunja.

Hofu hiyo yastahili kupimwa kwa kazi iliyo mbele ya masikio, wala si kwa maneno matupu. Kazi ifaayo kwa kipimo hicho yatoka Ethiopia: santuri iitwayo Lala Belu, ya mpiga kinanda Hailu Mergia, iliyotolewa mwezi Februari 2018. Jina lake lisimdanganye msomaji wa Kiswahili. Lala hapa si kitenzi cha usingizi.

Mergia alizaliwa mwaka 1946. Alikuwa mpiga kinanda wa Walias Band, kundi lililotumbuiza katika Hoteli ya Hilton mjini Addis Ababa na kutoa Tche Belew mwaka 1977. Kundi hilo lilisafiri Marekani mwaka 1981, naye akabaki huko. Mwaka 1985 alitoa kaseti aliyoipiga peke yake kwa akodiani, piano ya umeme ya Rhodes, chombo cha Moog na mtambo wa kupigia mapigo ya ngoma. Baadaye akawa dereva wa teksi katika eneo la Washington. Kaseti ile ilitolewa upya mwaka 2013, na watu wengi wakamhesabu kama mtu aliyefufuka. Lakini hakuwa amekufa. Alipokuwa akingoja abiria kwenye uwanja wa ndege wa Dulles, alikuwa akifanya mazoezi kwa kinanda alichokichukua garini. Kati ya kaseti na santuri hii imepita miaka 33, lakini mkono haukulala.

Ushahidi wa jambo hilo umo katika wimbo wa kwanza, Tizita. Tizita ni jina la mojawapo ya njia nne kuu za sauti katika muziki wa Ethiopia, na maana yake yakaribia kumbukumbu yenye uchungu. Mergia hauharakishi. Huikawiza sauti, huitangulizia nyingine ndogo ya kuipamba, huiacha ikafifia kabla ya kuijia tena. Anchihoye Lene, wenye jina la njia nyingine ya hizo nne, una nafasi nyembamba baina ya sauti na sauti, nafasi ambazo sikio lililozoea nyimbo za kanisani hudhani ni makosa. Vibonye ni vilevile vya kiwandani. Mwendo ndio wa Kiethiopia.

Mwanaisimu atalifahamu jambo hili kwa mfano wa Kinyakyusa. Lugha hiyo ina irabu saba, lakini alfabeti ya Kirumi yatoa herufi tano tu za irabu. Palipoandikwa kwa herufi tano, mwenyeji husoma akazitamka irabu zote saba bila kujikwaa, kwa sababu zimo kinywani mwake tangu utotoni. Mgeni husoma herufi zilezile akapata maneno yaliyofanana ambayo kwa mwenyeji hayafanani kabisa. Kinanda cha umeme ni kama alfabeti hiyo: ni pungufu, nacho hutumika. Kinachokosekana katika chombo hutiwa na mpigaji, ikiwa anacho. Ikiwa hanacho, hata ala ya babu yake haitamsaidia.

Hata hivyo santuri hii haikosi kasoro. Mergia amepiga pamoja na Tony Buck, mpiga ngoma, na Mike Majkowski, mpiga besi, wote wawili Waaustralia na mafundi hodari. Lakini mahali fulani, hasa mwendo unapozidi, ustadi wa jazi hutangulia mbele, na njia ya sauti hugeuka kuwa kisingizio cha kuonyesha wepesi. Wimbo wa mwisho, Yefikir Engurguro, ambao Mergia aupiga peke yake kwa piano, wadhihirisha hasara hiyo: hapo kimya baina ya sauti chapata nafasi, na wimbo wapumua. Santuri ingalifaidika kwa vipindi zaidi vya namna hiyo. Yene Mircha, iliyofuata mwaka 2020, yaonyesha kwamba Lala Belu haikuwa kuaga.

Kwa Rungwe funzo ni dhahiri. Vijana wa Tukuyu wanaotengeneza muziki kwa kompyuta hawastahili kulaumiwa kwa sababu ya chombo. Swali la kuwauliza ni kama wamesikia vya kutosha kabla ya kubonyeza. Mergia alikuwa na njia zake za sauti tangu ujana, ndiyo maana miaka ya teksi haikumpokonya. Kijana asiyepata kuusikia wimbo wa wazee wake hana cha kukitia chombo. Kwa hiyo watafiti wanaokusanya nyimbo za Kinyakyusa wasiridhike na maneno yaliyoandikwa karatasini. Wahifadhi sauti yenyewe, pamoja na kukawia kwake na mapambo yake. Maneno yakibaki peke yake, irabu mbili zitakuwa zimepotea, na wimbo nao.