Nusukaputi kwa Moyo Mgonjwa: Ugonjwa Ndio Uchague Dawa

Wenye mbwa na paka wagonjwa wa moyo huuliza ni dawa gani ya nusukaputi iliyo salama kwa moyo. Hakuna dawa hiyo. Ipo dawa inayoufaa moyo huu na kuudhuru ule, na medetomidini inalidhihirisha hilo vizuri. Dawa hii hubana mishipa na kupunguza mapigo. Mbwa mdogo mzee ambaye vali yake ya mitrali inavuja huzidiwa nayo, kwa sababu mishipa ikibanwa damu nyingi zaidi hurudi nyuma badala ya kwenda mwilini. Kwa paka ambaye misuli ya moyo wake imenenepa hadi kuziba njia ya damu kila unapojikaza, mambo hugeuka: utafiti uliochapishwa mwaka 2002 ulionyesha kwamba medetomidini ilipunguza kizuizi hicho. Dawa ambayo paka huyo anapaswa kuepushwa nayo ni ketamini, maana huharakisha mapigo.

Moyo uliokatika mawasiliano ya umeme una sharti lake pia, na tiba yake ni kifaa cha kuuendesha. Tarehe 7 Mei 1958, katika hospitali ya maveterani mjini Buffalo, madaktari wapasuaji William Chardack na Andrew Gage, pamoja na mhandisi Wilson Greatbatch, waliuendesha moyo wa mbwa kwa kifaa kidogo cha transista. Wagonjwa waliokusudiwa walikuwa binadamu, lakini leo mbwa nao huwekewa vifaa vya aina hiyo. Kabla ya kuwekewa, mbwa mwenye moyo uliokatika mawasiliano hayo hawezi kuongeza mapigo shinikizo la damu linaposhuka, na atropini mara nyingi haimsaidii. Ndiyo maana huandaliwa kwanza kifaa cha muda cha kuendesha moyo, kisha ndipo alazwe.

Ili kujua moyo una ugonjwa gani inabidi uchunguzwe, na wapo watakaosema ultrasaundi ya moyo ni ghali, na kwamba uangalizi mzuri unatosha. Hoja hiyo ina uzito. Utafiti mkubwa wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2008 ulikuta vifo vya asilimia 0.05 kwa mbwa wenye afya na 1.33 kwa wagonjwa, na vifo vingi vya baada ya upasuaji vilitokea ndani ya saa tatu za mwanzo. Oksijeni kabla ya usingizi, kupima shinikizo bila kukoma, na mtu wa kukaa na mnyama mpaka aamke sawasawa, vyote viko ndani ya uwezo wa kliniki nyingi. Hata hivyo, uangalizi hukuonyesha tu kwamba shinikizo limeshuka; haukuambii uongeze dripu au uipunguze. Utafiti huohuo uliwakuta paka waliopewa dripu wakiwa na hatari kubwa zaidi. Huenda sehemu ya sababu ni kwamba walikuwa wagonjwa zaidi tangu awali, lakini paka anaweza kuficha ugonjwa wa moyo bila hata mvumo wa kusikika, na maji mengi yakamjaa mapafuni.

Ndiyo maana anayelaza mnyama anamhitaji anayeujua moyo. Mjini Columbus, katika Chuo Kikuu cha Ohio State, Robert Hamlin alifundisha moyo wa wanyama na William Muir nusukaputi. Taaluma hizi mbili zinastahili kukaa karibu hivyo. Pasipo na mtaalamu wa moyo, kipimo cha damu cha NT-proBNP husaidia kumtambua paka wa kutiliwa shaka, na upasuaji usio wa lazima uahirishwe hadi achunguzwe. Jino lililooza na kutunga usaha halingoji hivyo. Paka mwenye jino hilo alazwe kwa dozi ndogondogo, na dripu iende taratibu.