Mfichaji na Jiwe la Kaburi

Mfichaji stadi akiingia makaburini hafichi kitu. Katika jiokashi, mchezo wa kusaka vikasha vilivyofichwa kwa kufuata tarakimu za GPS, mtu yeyote anaweza kuchomeka kopo lenye kijidaftari cha wageni chini ya gogo, akaondoka. Makaburini hilo halifai. Sheria za mchezo zinakataza kuchimba na zinataka ruhusa ya mwenye mahali, na hata zisingetaka, nani angefurahi kukuta watu wakipekua maua ya kaburi la baba yake? Kwa hiyo kikasha hukaa nje ya uzio, na marehemu ndiye anayeelekeza njia.

Chukua makaburi ya Kanisa la Mtakatifu Petro, Nyeri. Hapo amezikwa Robert Baden-Powell, kamanda aliyeulinda mji wa Mafeking siku 217 ulipozingirwa na Makaburu, kuanzia 1899 hadi 1900, na baadaye akaanzisha skauti. Jiwe lake limechongwa duara lenye nukta katikati, alama ambayo skauti huiacha njiani kuwaambia wanaomfuata kwamba amekwenda nyumbani. Mtu aliyewafundisha vijana wa dunia nzima kusoma nyayo na alama astahili kuzuriwa na watu wanaosoma. Mimi sioni heshima nyingine inayomfaa zaidi.

Kazi yenyewe hufanyika hivi. Jiwe lina tarehe zake mbili: alizaliwa 22 Februari 1857, akafa 8 Januari 1941. Nyeri iko kama dakika 25 kusini mwa Ikweta, na kwenye GPS dakika hizo hufuatwa na tarakimu tatu za desimali, ambazo ya mwisho ina thamani isiyofika mita 2. Tuseme mfichaji anaagiza: chukua tarakimu mbili za mwisho za mwaka wa kuzaliwa, jumlisha na siku ya kufa, jawabu liweke mwisho wa latitudo. Yaani 57 na 8, jumla 65. Msakaji mwenye haraka, akiiona 7 iliyoshikwa na kuvu akaidhania 1, atapata 59. Atakosea kwa mita 11 hivi, atachokonoa kichaka kisicho na kitu, kisha itambidi arudi kaburini, ainame, apitishe kidole kwenye mchongo na kusoma upya. Kurudi huko ndiko anakokutaka mfichaji. Wageni wengi hupiga picha wakaenda zao. Huyu ataondoka akijua mzee alizaliwa lini na alikufa lini.

Ustadi huu ni mchanga. Mchezo ulianza Oregon, Marekani, Mei 2000, mara tu serikali ya huko ilipoacha kuvuruga makusudi mawimbi ya GPS yanayotumiwa na raia. Kabla ya hapo kipimo kiliweza kukosea kwa mita 100, na katika mita 100 za makaburi ya zamani mna majina mengi mno.

Baden-Powell, hata hivyo, hajapungukiwa na wageni. Ninaowafikiria zaidi ni askari wetu wa Keya (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki) waliopelekwa Burma kupigana na Wajapani mwaka 1944, na waliojaliwa kurudi wakaja kuzikwa mashambani kwao, wengi bila jiwe lenye maandishi. Mfichaji hana la kufanya mahali ambapo hapana cha kusoma. Basi kama babu yako alikuwa Keya, na wangalipo wazee wanaozijua habari zake, kaa nao uandike. Kisha mchongeshee jiwe: jina, namba yake ya jeshi, mwaka alioingia vitani na mwaka aliorudi. Mfichaji akija kuomba ruhusa ya familia, miaka hiyo miwili inamtosha kuanza kazi.